Faiba Ilianzia Tumboni

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeniandikia kuuliza ile makala ya hifadhidata niliyoahidi imefikia wapi. Ipo njiani, msichoke. Leo nataka kuandika jambo jingine, la historia, ambalo limenikaa kichwani tangu babu yangu alipofariki. Ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri na kikombe chako. Ila kiache kipoe kwanza. Sababu nitaieleza mbele.

Wanaonijua wanajua nimelelewa Malindi. Mwaka 2009, mikongo ya faiba ilipofika Mombasa kwa njia ya bahari, mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Wa kwanza, TEAMS, ulitoka Fujairah kule Imarati ukatua mwezi wa Juni. SEACOM ukaanza kufanya kazi mwezi uliofuata. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia satelaiti, na kwenye saiba za Malindi ungeweza kubonyeza barua pepe, ukaenda kununua mahamri, ukarudi ukaikuta bado inafunguka.

Miaka michache baadaye mitaro ya faiba ikachimbwa kando ya barabara huku kwetu. Babu alikuwa na kituo chake cha kila jioni, baraza ya kahawa, na njia ya kwenda huko ilipita kando ya mtaro. Siku moja akaniuliza, "Mjukuu wangu, ndani ya waya ule mna nini?"

"Mna mwanga, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanga utoke Uarabuni ufike hapa, na taa ya barabarani yenyewe haifiki mlangoni kwa jirani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilikuja kulipata baada ya yeye kuondoka, na nililipata mahali nisipotarajia.

Babu alianza kusema chakula chamkwama. Kwanza ilikuwa nyama, akasema meno yameisha. Kisha wali, akawa anausukuma kwa chai. Tukamnunulia dawa ya kiungulia. Kisha akawa hali mbele za watu, anasema ameshakula. Alipopelekwa Mombasa kuingizwa kamera ya tumboni, kanzu zake zilikuwa zimemlegea mabegani na hata uji ulikuwa taabu. Tulirudi na karatasi moja yenye picha nne za rangi. Nyumbani kila kitu chenye skrini huletewa mimi, basi karatasi hiyo nayo ikaishia kwangu.

Niliitazama sana. Picha zilikuwa safi ajabu, unaona mpaka mishipa midogo ya damu. Unaona pia uvimbe umeziba njia. Kamera haikuwa na kosa. Kilichotuumiza kilikuwa tarehe iliyochapishwa kwenye pembe ya picha.

Baada ya matanga nikaanza kusoma habari za mrija ule: nani aliutengeneza, unafanyaje kazi, na kama ungeweza kumsaidia mtu kama babu mapema zaidi. Nikagundua kwamba ile faiba inayoleta mkate wangu wa kila siku ilipata kazi yake ya kwanza ya maana ndani ya tumbo la binadamu.

Mshumaa na mmeza panga

Tatizo la kuchungulia ndani ya mwili ni mawili kwa pamoja: ndani mna giza, na njia imepinda. Mwaka 1806 daktari Mjerumani Philipp Bozzini, wa Frankfurt, alitengeneza chombo chenye mshumaa na kioo cha kuakisi ili kupeleka mwanga ndani ya mwili. Wakubwa wa udaktari wa zama zake hawakukikumbatia, na yeye mwenyewe akafa mwaka 1809 kwa homa aliyoipata akitibu wagonjwa.

Mwaka 1868, mjini Freiburg, daktari Adolf Kussmaul alipata wazo la kuchekesha lakini la akili. Alijua kuna watu wanaofanya maonyesho ya kumeza panga. Ikiwa upanga mnyoofu unapita, basi na bomba nyoofu litapita. Akamwita mmeza panga mmoja, akampitisha bomba la chuma mpaka tumboni. Likapita. Tatizo likawa mwanga: taa ya wakati ule haikutosha kumwonyesha kitu cha maana.

Mwaka 1932 daktari Rudolf Schindler wa Munich, pamoja na fundi Georg Wolf, walitoa bomba lenye lenzi nyingi fupi fupi ambalo upande wa mbele liliweza kupinda kidogo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, maana sasa mgonjwa wa kawaida, asiye mmeza panga, angeweza kuchunguzwa bila hatari kubwa. Miaka miwili baadaye Schindler aliwakimbia Wanazi akahamia Marekani, na utaalamu akauchukua. Hata hivyo, bomba lake lilikuwa na pembe za tumbo ambazo halikuweza kuziona, na mgonjwa aliteseka.

Wajapani nao, ambao saratani ya tumbo iliwaandama sana, walijaribu njia nyingine. Mwaka 1950 daktari Tatsuro Uji na wahandisi wa Olympus walitengeneza kamera ndogo kabisa yenye filamu na balbu, ikamezwa, ikapiga picha gizani, ikatolewa, na filamu ikasafishwa. Fikiria unaandika programu bila skrini, kisha matokeo unayapata baada ya filamu kusafishwa. Ndivyo walivyofanya kazi.

Mwanafunzi na kioo ndani ya kioo

Januari 1954 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya Harold Hopkins na Narinder Kapany wa London. Walionyesha kwamba ukifunga pamoja nyuzi nyingi nyembamba za kioo, zikiwa zimepangwa kwa mpangilio ule ule upande huu na upande ule, unaweza kupitisha picha hata fungu likipinda. Kila uzi unabeba nukta moja ya mwanga. Ukipenda, sema kila uzi ni pikseli moja.

Makala hiyo ilisomwa na daktari kijana, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Bethal, Afrika Kusini, aliyekuwa akisomea magonjwa ya tumbo katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alisafiri mpaka London kujionea. Aliporudi akaungana na mwanafizikia Wilbur Peters na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aitwaye Lawrence Curtiss.

Kazi ikakwama mahali pamoja. Nyuzi zilipogusana, mwanga ulivuja kutoka uzi mmoja kwenda wa pili, na picha ikawa ukungu mtupu. Curtiss akaja na wazo: chukua fimbo ya kioo kizuri, iingize ndani ya bomba la kioo cha aina nyingine chenye kupindisha mwanga kidogo zaidi, pasha moto, kisha vuta vyote viwili kwa pamoja mpaka viwe uzi. Sasa kila uzi una koti lake la kioo, na mwanga ukitaka kutoka unarudishwa ndani. Hiyo ilikuwa Desemba 1956.

Februari 1957 Hirschowitz aliumeza mrija huo yeye mwenyewe kwanza. Siku chache baadaye akamtazama mgonjwa mwenye kidonda cha tumbo. Kwa mara ya kwanza daktari aliona ndani kupitia kamba laini inayofuata njia ya mwili. Na lile koti la kioo la Curtiss ndilo lililo ndani ya kila mkongo wa faiba, ukiwemo ule uliotua Mombasa.

Kwa nini tumbo lilitangulia intaneti

Hapa ndipo nilipopata jibu la swali la babu, na ni hesabu tu. Kioo kizuri cha miaka ile kilipoteza kama desibeli 1,000 kwa kila kilomita. Yaani desibeli 1 kwa kila mita. Desibeli 1 ni hasara ndogo: ukiingiza mwanga 100, unatoka kama 79. Mrija wa kufika tumboni una urefu wa kama mita moja, kwa hiyo kioo hicho kilitosha kabisa.

Lakini desibeli haziendi kwa kujumlisha mwanga, zinaendelea kuzidisha hasara. Kwa mita 10 inabaki sehemu moja katika kumi. Kwa mita 100 inabaki sehemu moja katika bilioni kumi. Kwa kilomita moja, usihangaike kuhesabu, hakuna kitu. Babu alikuwa sahihi kucheka. Kwa kioo cha mwaka 1957, mwanga usingetoka hata ufukweni ukafika barabarani.

Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kosa liko kwenye uchafu uliomo ndani ya kioo, na kwamba hasara ikishushwa mpaka desibeli 20 kwa kilomita, simu zitapita humo. Mwaka 1970 watafiti wa Corning, Marekani, wakafika 17. Faiba ya leo hupoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120. Piga hesabu: desibeli 24, na mwanga unaofika bila kuongezwa nguvu njiani ni kama sehemu 4 katika 1,000. Kwa vifaa vya leo hiyo inatosha kusomeka.

Kwa hiyo faiba ilianza na tumbo kwa sababu tumbo lilikuwa karibu kuliko Uarabuni.

Kutazama, kisha kuzuia

Mpaka hapo kazi kubwa ya endoskopi ilikuwa kutazama. Jambo lililobadilisha maana yake lilitokea New York mwaka 1969. Madaktari Hiromi Shinya na William Wolff, wa hospitali ya Beth Israel, walipitisha kitanzi cha waya ndani ya mrija unaochungulia utumbo mpana, wakakinasa kinyama kidogo kilichoota ukutani, wakapitisha umeme, kikakatika. Mgonjwa hakupasuliwa tumbo.

Vinyama hivyo huitwa polipu. Vingi havina madhara, lakini baadhi, baada ya miaka, hugeuka saratani. Sasa swali likawa: ukivitoa vyote, saratani itapungua kweli? Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa jibu. Watu waliotolewa polipu na kufuatiliwa walipata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha chini kwa asilimia 76 mpaka 90 kuliko ilivyotarajiwa.

Soma tena sentensi hiyo. Chombo kilichobuniwa kutambua ugonjwa kikawa kinauzuia kabla haujaitwa ugonjwa. Kuanzia hapo kazi ya daktari wa endoskopi ikawa na upande wa pili: kumtafuta mtu ambaye bado hajaumwa.

Picha nazo zikabadilika. Mwaka 1983 kampuni ya Welch Allyn ilitoa endoskopi yenye kihisi cha CCD kwenye ncha, na picha ikaanza kuonekana kwenye skrini badala ya daktari mmoja kufumba jicho moja na kuchungulia kwa lingine. CCD ilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2009 iligawanywa hivi: nusu kwa Charles Kao kwa ajili ya faiba, nusu kwa Boyle na Smith kwa ajili ya CCD. Mwaka ule ule mikongo ilipofika kwetu, waliotuzwa ndio hao hao ambao kazi yao ilinikabidhi ile karatasi ya picha nne.

Na huku kwetu?

Swali ambalo sikuweza kuliacha ni hili: je, kuna mtu Kenya aliyefanya hiyo kazi ya pili, ya kumtafuta asiyeumwa? Kutafuta huko kulinitoa Pwani kukanipeleka, kwa kusoma tu, mpaka Bomet, upande wa pili wa nchi, ng'ambo ya Nairobi, kwenye vilima vya chai vya kusini mwa Bonde la Ufa.

Kwanza kulikuwa na suala la ramani. Katika miaka ya 1960 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, na mwenzake Michael Hutt wa Mulago, walikuwa wakiomba hospitali za Afrika Mashariki ziwapelekee taarifa za wagonjwa wa saratani kila mwezi. Zilikuwa takwimu za karatasi na posta, hakuna kompyuta. Zilionyesha kwamba saratani haijagawanyika sawasawa. Saratani ya umio, yaani ya ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, ilijaa sehemu fulani na kuwa adimu kwingine.

Bomet ni mojawapo ya mahali ilipojaa. Huko kuna hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937. Daktari wa upasuaji Russell White alifika hapo katika miaka ya 1990 akakuta foleni ya watu wasioweza kumeza. Wengi walikuwa kama babu: wamechelewa, kupasuliwa hakufai tena.

Kwa watu hao kuna kitu kinaitwa stenti. Ni mrija wa wavu wa chuma uliokunjwa ukawa mwembamba. Unapitishwa mpaka penye uvimbe, unaachiliwa, unafunguka wenyewe na kusukuma uvimbe kando. Hauponyi. Lakini mtu aliyekuwa hamezi hata mate anakunywa uji siku hiyo, na anakufa akiwa amekula na wanawe. Kwa kawaida daktari huuweka huku akitazama kwa mashine ya eksirei inayoonyesha picha moja kwa moja, na hiyo ni ghali. White na wenzake waliweka stenti bila mashine hiyo, kwa kupima mahali pa uvimbe kwa endoskopi yenyewe na kutazama kwa macho, wakachapisha njia yao mwaka 2001. Mwaka 2009 walitoa kwenye Lancet Oncology matokeo ya miaka mingi ya kuwatibu wagonjwa wa saratani ya umio kwa stenti peke yake.

Sisi wa kompyuta tunaijua kazi ya namna hii. Maelekezo yanasema unahitaji seva kumi, wewe una moja, na mteja yupo mlangoni. Unakaa chini unajiuliza ni kipi hasa kinachohitajika.

Mwaka 2002 White na wenzake waliandika kwenye Lancet jambo la kutisha zaidi: Bomet saratani hii iliwapata pia vijana, wakiwemo wasiofika miaka 30. Ugonjwa ambao kwingine ni wa wazee.

Iodini

Sasa tunafika kwenye kazi iliyonifanya niandike makala haya. Daktari Michael Mwachiro ni Mkenya, na wakati wa kazi hiyo alikuwa daktari wa upasuaji na endoskopi wa Tenwek. Yeye na wenzake, akiwemo Sanford Dawsey wa taasisi ya saratani ya Marekani, aliyekuwa amechunguza ugonjwa huu Uchina kwa muda mrefu, waliuliza: kabla ya uvimbe kuna nini, na je, kinaonekana?

Waliwaita watu wa kawaida wa eneo lile, wasio na dalili yoyote, wanaokula na kumeza vizuri. Walikuwa 305. Wakawaingiza endoskopi na kunyunyiza iodini ndani ya umio. Ndiyo, iodini, ndugu ya ile uliyotumia shuleni kupima wanga. Kanuni yake ni rahisi sana. Seli za umio zenye afya huhifadhi glaikojeni, ambayo ni wanga wa mwilini, na iodini huigeuza kahawia. Seli zilizoanza kuharibika zimepungukiwa na glaikojeni, kwa hiyo hazishiki rangi. Unaona ukuta wote umekuwa kahawia, na katikati doa la manjano hafifu. Hapo ndipo unapochukua kipande kidogo cha kupima maabara.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Asilimia 14.4 ya watu hao walikuwa na seli zilizoanza kuharibika. Ni kama mtu mmoja katika kila saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekuja kulalamika.

Nisikutishe bure: si kila doa la namna hiyo hugeuka saratani. Mengine hukaa tu, na yaliyo madogo hufuatiliwa. Lakini yaliyokomaa huweza kukatwa au kuchomwa kwa kutumia endoskopi hiyo hiyo, bila kupasua kifua. Na kuna ushahidi kwamba inasaidia. Huko Cixian, Uchina, vijiji vilivyopimwa mara moja kwa iodini vililinganishwa na vijiji ambavyo havikupimwa. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2015, baada ya miaka kumi waliokufa kwa saratani ya umio walikuwa asilimia 3.35 upande wa waliopimwa na 5.05 upande wa pili. Kimepungua kiasi cha theluthi moja, kwa kutazama mara moja tu.

Linganisha na hesabu ya nchi yetu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2018 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani ya umio Kenya kuwa zaidi ya 4,300, na waliokufa mwaka huo pia zaidi ya 4,300. Namba mbili karibu sawa. Mtu wa takwimu akiona hivyo anaelewa mara moja: karibu kila anayegunduliwa, amegunduliwa ameshachelewa.

Kwa nini basi hatupimwi sote? Kwa sababu mrija mmoja unamwona mtu mmoja kwa wakati mmoja, kisha lazima usafishwe kwa uangalifu kabla ya mwingine. Endoskopi ni ghali, huharibika, na mafundi wake ni wachache. Mwaka 2021 Mwachiro na wenzake walichapisha hesabu ya vituo na vifaa vya endoskopi katika nchi kadhaa za ukanda wetu, na pengo ni kubwa. Kuna pia muungano wa AfrECC wa madaktari na watafiti wa saratani ya umio Afrika, ambao mwaka 2018 ulitoa mwito wake hadharani: mafunzo, stenti za bei nafuu, utafiti wa chanzo.

Kikombe cha kahawa

Sasa kuhusu kile kikombe chako. Tumbaku na pombe zinajulikana kuchangia saratani hii. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliongeza kwamba kunywa vinywaji vyenye moto zaidi ya nyuzi 65 huenda kukasababisha saratani ya umio. Si chai, si kahawa. Ni moto wenyewe, unaounguza ukuta ule ule kila siku. Mwaka 2019 utafiti uitwao ESCCAPE, uliofanywa magharibi mwa Kenya, ulikuta wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na uwezekano wa kuwa na saratani hii zaidi ya mara tatu kuliko wanaokunywa vya vuguvugu.

Babu alikuwa mtu wa kahawa chungu. Dele likiwa bado linatoa moshi, yeye kikombe cha kwanza kimeshakwisha, na aliwacheka wanaopuliza. Siwezi kusema kahawa ndiyo iliyomuua. Takwimu huzungumza juu ya watu wengi, haziwezi kukuonyesha mmoja ukasema ni huyu. Lakini kusubiri dakika chache hakugharimu kitu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye baraza ile. Rafiki zake waliobaki ni watatu. Nilikuwa na ile karatasi kwenye begi, nikawaonyesha, nikawaeleza habari za faiba, za iodini, za Bomet. Walisikiliza kwa adabu, kama wazee wanavyomsikiliza kijana aliyesoma. Kisha mmoja wao akaniuliza, "Sasa mwanangu, yeye alipaswa kwenda lini?"

"Siku ile nyama ilipomkwama mara ya kwanza, mzee. Hata hapo ingekuwa mbio, lakini ingekuwa mbio ya haki."

Akanyamaza. Akageuza kikombe chake kidogo mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Mimi yanikwama tangu Ramadhani."

Hakuna aliyecheka. Juma lililofuata mwanawe alimpeleka Mombasa. Majibu ni yake, si yangu kuyaandika hapa. Nataka tu mjue kwamba alikwenda, na kwamba alikwenda akiwa bado anakula wali.

Basi nikuombe mambo mawili, msomaji. Kama una mzee nyumbani ambaye siku hizi anasukuma kila tonge kwa maji, au amekonda bila sababu, au hali tena na wenzake, usimnunulie dawa ya kiungulia kama tulivyofanya sisi. Mpeleke akatazamwe. Na kama wewe ni mtengeneza programu kama mimi, uliyezoea kufungua faili ya makosa baada ya mfumo kuanguka, kumbuka wale 305 wa Bomet ambao hawakuwa wakiumwa popote.

Kwa leo naishia hapo. Makala ya hifadhidata inakuja, safari hii kweli. Maoni na masahihisho yaacheni hapo chini, hasa kama kuna daktari kati yenu aliyeona nimekosea mahali.